Mama Mdogo wa Mahongole

Mama yangu nilimuua kwa mdomo, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika randa. Sikukusudia. Lakini wauaji wote ndivyo wasemavyo, kwa hiyo msianze kunionea huruma. Ngojeni kwanza niseme.

Ilikuwa Novemba 1954, enzi za Mwingereza. Nilikuwa mwaka wa tatu, ndio wa mwisho, katika shule ya useremala ya misheni, upande wa Yakobi, nje kidogo ya Njombe. Tulikuwa vijana tisa. Ukimaliza unapewa cheti chenye mhuri na sanduku la vifaa: randa, misumeno miwili, patasi, nyundo, vyote vipya. Mwenye sanduku lile ni fundi popote aendapo, na hakuna wa kumwambia nenda kakate katani. Usipomaliza huna kitu, hata kama mikono inajua. Na msimamizi wetu, mzungu mmoja aliyeipenda saa yake kuliko chai, alikuwa na sheria moja tu: ukikosekana zaidi ya siku saba, jina linafutwa na benchi lako anapewa mwingine. Waliolitaka walikuwa wengi, na kila Jumatatu walikuja kuuliza kama kuna nafasi.

Baba yangu, Lukas, alikwenda katani mwaka 1950. Walioandikisha manamba walimchukua hapo hapo Makambako, akaweka dole gumba kwenye karatasi, akapanda lori. Mwaka wa kwanza tulipata habari zake, wa pili kimya. Nyumbani kwetu Mahongole, karibu na Makambako, akabaki mama, Tabea, na mdogo wangu Ida. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na huyo ndiye mama niliyewasimulia wenzangu shuleni. Sikuwaambia kwamba njaa ilipobana alianza kuwauzia wasafiri ulanzi, pombe yetu ya mianzi, pale njia panda. Wala sikuwaambia kwamba mwaka ule tumbo lake lilionekana, mume hayupo, na wazee wa kanisa wakamtenga na meza ya Bwana, wakamtoa na kwenye kwaya. Mimi niliyaona mwenyewe likizo ya Agosti. Nilitakiwa kukaa siku kumi, nikakaa mbili, nikarudi Yakobi nikisingizia kazi. Sikumwuliza mimba ni ya nani. Sikumwuliza hata kama anakula.

Basi Jumanne hiyo akaja Romanus, utingo wa lori la magome ya miwati, mtu wa kwetu. Akaniita dirishani, akanong'ona.

"Mika, nyumbani kuna msiba. Mama yako kajifungua juzi, mtoto hakumaliza hata siku. Mwenyewe yuko hoi, kapoteza damu nyingi, na Ida ana miaka kumi na mbili tu. Nenda, ndugu yangu."

Lori likaondoka naye. Nikarudi kwenye benchi langu. Mwalimu Filemoni aliuona uso wangu. Huyu ndiye aliyetufundisha kazi, Mbena wa Yakobi, mzee wa kanisa, mtu asiyetoa neno mpaka amelipima mara mbili.

"Kuna nini?"

"Msiba, mwalimu."

"Pole sana. Nani?"

Hapo ndipo. Ningesema nini mbele ya watu wanane? Mdogo wangu? Wangeuliza mdogo gani, baba yako si mwaka wa nne yuko katani? Danieli angeuliza, maana Danieli, jirani yangu wa benchi, Mkinga mfupi mcheshi, mdomo wake haukuwa na breki. Nikaona tumbo la mama mbele ya macho yao wote, na kicheko. Nikafungua kinywa nikasema, "Mama."

Neno moja tu. Lo, na lilivyotoka jepesi!

Randa zote zikanyamaza. Filemoni akavua aproni yake, akaiweka chini, akakaa juu ya maranda, na wote wakakaa chini vilevile, maana kwetu mbele ya aliyefiwa watu hawasimami. Danieli, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenitania kwamba Wabena tunapiga randa kama tunakuna nazi tusizokuwa nazo, alinishika mkono akalia. Alilia kweli, machozi na kamasi. Mimi sikulia, na kwa kuwa sikulia wakaniona jasiri.

Habari ikafika nyumbani kwa mwalimu. Mkewe, mama Ema, akaja mbio akipiga yowe tangu barabarani, akanikumbatia kifuani. "Mwanangu! Mwanangu yatima!" Alinikalisha kwenye kigoda uani kwake, akachukua wembe na maji ya moto, akaninyoa kichwa chote, kama anyolewavyo mtoto wa marehemu. Kila nywele zilipoanguka nilisema moyoni, sasa nitasema. Sasa. Akifika sikioni nitasema. Akafika sikioni, akapita. Mtu akikufanyia wema ukiwa umemdanganya, ule wema unawasha mwili mzima, nawaambieni, na hujikuni.

Filemoni akaenda kwa msimamizi. Sisi tulikuwa nje, tunasikia. Mzungu anasema siku saba. Filemoni anasema siku saba hazitoshi, huyu kijana ni mkubwa wa nyumba, baba hayupo, ana mdogo wa kike peke yake, na mvua imeanza, asipopanda mahindi watakula nini? Mzungu anasema sheria ni sheria. Filemoni akasema, "Mpe wiki tatu. Benchi lake nitalilinda mimi. Asiporudi, uniulize mimi, na akiwa amesema uongo, uniulize mimi vilevile."

Hakuna aliyemwomba aongeze hilo la mwisho. Alilitoa mwenyewe, kwa kuniamini.

Zilitolewa hizo wiki tatu. Danieli akasema kabati langu la mtihani atanisaidia kupiga msasa ili nisichelewe. Mwingine akanipa viatu vyake vya kwendea. Mama Ema akanifunga blanketi lake mwenyewe mabegani. Nikaondoka Yakobi nimevaa wema wa watu kutoka kichwani mpaka miguuni, na uongo mmoja ndani.

Nilifika Mahongole siku ya pili, jua likiwa juu. Mama alikuwa amelala mkekani karibu na mlango ili apate joto. Uso umekwisha, midomo myeupe. Ida alikuwa anapepeta unga, akaacha ungo akanikimbilia. Mama akanitazama, akanyoosha mkono akanigusa kichwa. Akakipapasa kipara chote, taratibu.

"Umemnyolea mdogo wako," akasema. Machozi yakaanza kumtoka. "Mungu akubariki, Mika. Hakuna mwingine aliyemnyolea. Hakuna hata aliyekuja."

Semeni, ninyi mngejibu nini? Mimi nilijibu, "Ndiyo, mama."

Na ni kweli hakuna aliyekuja. Watu wa kanisa hawakuja, maana alikuwa ametengwa. Mchungaji hakuja, maana mtoto hakubatizwa. Mtoto alizikwa na bibi Jeni, kikongwe jirani yetu, pamoja na Ida, kwa jembe la palizi, bila wimbo, bila amina. Ida aliniambia hayo tukiwa kisimani. Aliniuliza kama nataka kwenda kuona mahali penyewe. Nikamwambia nimechoka, kesho. Kesho yake nikasema nina shamba. Siku ya tatu Ida hakuuliza tena.

Kazi nilifanya, hilo siwezi kujinyima. Nilipanda mahindi na maharage, nikaezeka upande wa jiko uliokuwa unavuja, nikakata kuni za miezi miwili. Mama alipewa uji na supu ya kuku wa bibi Jeni, akapata nguvu, wiki ya pili akaanza kutembea hadi uani. Jioni alitaka kuzungumza. Alianza, "Mika, yule mtu..." nami nikainuka nikasema nakwenda kuangalia mahindi, kama vile mahindi yanakimbia. Mara ya pili hakuanza. Nilijisemea: nikimaliza wiki tatu narudi Yakobi, napata cheti, na yote yatajifunika yenyewe. Kati ya Njombe na Makambako ni mbali, nani atakuja huku kuuliza? Mjinga mimi! Mficha uchi hazai, walisema wazee.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilikuwa shambani nikipiga jembe. Nikasikia wimbo unatoka barabarani. Sauti za kiume, na sauti moja ya kike juu yake. Nilizijua sauti zile, kila siku asubuhi tuliimba pamoja kabla ya kazi.

Walikuwa wamepata lifti ya lori la misheni lililokuja Makambako kuchukua mabati. Wamekuja kuhani. Wote! Filemoni mbele, mama Ema na kapu la unga kichwani, wenzangu nyuma yao wamevaa nguo za Jumapili. Danieli na mwenzake mmoja walikuwa wamebeba begani msalaba wa mninga, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Siku ya Jumamosi, siku pekee ya kufulia nguo zao, na walikuwa wameuranda ubao ule kwa saa zao za kupumzika.

Nikakimbia. Niseme ukweli wote leo, sikukimbia kuwapokea. Nilikimbilia kwenye mianzi, nikachuchumaa, mtu mzima wa miaka ishirini, nikawatazama kwa kupitia majani wakiingia uani kwetu.

Mama alikuwa amekaa nje na bibi Jeni wakichambua maharage. Akainuka.

"Kamwene, mama," Filemoni akamwamkia kwa heshima.

"Kamwene, baba. Karibuni."

"Mama, tumetoka Yakobi, shule ya useremala. Mimi ni mwalimu wa Mika, na hawa ni wenzake. Hapa ndipo kwa marehemu Tabea?"

Danieli alikuwa ameushusha msalaba, ameusimamisha mbele yake ili maandishi yaonekane, maana alijivunia ile kazi. Alikuwa amechonga herufi kwa patasi ndogo, moja moja. TABEA. Chini yake, MAMA WA MIKA. Chini yake, AMELALA KATIKA BWANA, 1954. Na mama yangu kusoma alikuwa anajua, alisomeshwa katekisimo. Niliona kidole chake kinainuka, kinafuata herufi toka ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kugusa.

Nikaona siwezi kukaa tena kwenye mianzi. Nikatoka. Mguu mmoja, mwingine. Wenzangu wakageuka, "Mika! Pole, ndugu!" Mama naye akageuka. Hakunitazama machoni. Alinitazama kichwani. Alikiangalia kile kipara ambacho nywele zilikuwa zimeanza kurudi, akakiangalia muda mrefu, na mimi nilijua kabisa anaelewa nini. Alikuwa anaelewa kwamba sikumnyolea mtoto wake.

Jamani, aibu nimeijua. Nimeanguka kutoka paa la kanisa mbele ya maaskofu, nimewahi kupigwa kofi na mzungu sokoni. Vyote hivyo ni mchezo.

Bibi Jeni akafungua mdomo, "Lakini si..." Mama akamshika bega akalibana. Bibi akafunga mdomo.

"Karibuni, wageni wetu," mama akasema. Sauti haikutetemeka. "Ndiyo, ni hapa. Mimi ni mdogo wake. Nimebaki na watoto."

Kisha akaweka mikono kichwani akapiga yowe la msiba. Mama Ema akatua kapu akamkumbatia, wakalia pamoja. Ida akatokea kisimani na mtungi, akaona watu, akaita, "Mama! Kuna nini?" Nikasema sasa basi, yamekwisha. Lakini hakuna aliyeshtuka. Kwetu mama mdogo naye ni mama, ungemwita nini kingine? Danieli akampokea mtungi, akamwambia pole, mtoto.

"Kaburi liko wapi, mama?" Filemoni akauliza. "Tungependa tuusimike kabla lori halijarudi."

Mimi sikujua hata pa kuwapeleka. Mama akajifunga khanga kiunoni, akatangulia. Tukapita nyuma ya jiko, tukapita mahindi yangu niliyoyapanda, tukafika ukingoni penye miwati. Palikuwa na kituta kidogo cha udongo mwekundu, kimezungushiwa mawe meupe. Mawe aliyapanga Ida. Wiki tatu nililima hatua thelathini kutoka pale, sikugeuza shingo.

Mafundi hupima kwa macho. Filemoni alikuwa ametengeneza majeneza ya wilaya nzima, ya wakubwa na ya wadogo. Akasimama miguuni pa kile kituta, akakitazama. Niliona macho yake yanatoka upande mmoja wa mawe hadi mwingine, yanarudi. Hayakuchukua muda, maana hapakuwa na urefu wa kuchukua muda. Akamtazama mama, jinsi alivyokonda, na jinsi alivyofunga kifua kwa kitambaa kama wafungavyo wanawake kukausha maziwa. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

Wenzangu hawakuona. Walikuwa wameinamisha vichwa, na vijana hawajui makaburi.

Filemoni akachukua jembe akachimba shimo mwenyewe, hakumpa mtu. Akausimika msalaba, akaushindilia udongo kwa kiatu. Akavua kofia akaomba. Ingekuwa kawaida aseme jina la marehemu, lakini hakusema jina. Alisema, "Bwana, mpokee huyu aliyelala hapa, ambaye hatukuwahi kumfahamu." Mama yangu akaitikia amina, akaitikia tena peke yake, mara ya pili.

Kisha wakaimba. Ubeti wa kwanza mama alinyamaza. Wa pili akaingia. Karibu nusu mwaka hakuna aliyemruhusu kuimba kanisani, na sauti ilikuwa haijaenda popote, ikapanda juu ya zile za wanaume zote na kuzibeba. Mama Ema mwenyewe akanyamaza kumsikiliza. Danieli akanisogelea sikioni, "Mama mdogo wako anaimba, ndugu yangu! Hivi ndivyo alivyoimba marehemu?"

"Ndiyo," nikasema. Ndiyo zangu zilikuwa hazina mwisho.

Baada ya kula, Filemoni akaniita pembeni, penye mahindi.

"Lile kaburi ni futi mbili na nusu," akasema.

Nikalia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile nikalia, na hakunishika bega.

"Mtoto wa yule mama?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na yule ndiye Tabea."

"Ndiye, mwalimu."

Akang'oa gugu moja kwenye tuta langu, akalitupa. "Ungesema tu, Mika. Ungeniambia mama amejifungua, mtoto amekufa, mama mgonjwa. Ningekuombea wiki hizo hizo tatu, kwa maneno yale yale. Mama Ema angekulilia vilevile. Kwani wewe ndiye wa kwanza kuwa na mama?"

"Niliona aibu, mwalimu."

"Aibu ya nani?"

Nikauliza swali langu, na ndilo lililonijaa kichwani hata saa ile, Mungu anisamehe: "Nitafukuzwa?"

Akanitazama kama mtu anayetazama ubao wenye ufa. "Nikimwambia msimamizi, jina lako linafutwa Jumatatu. Na mimi niliweka neno langu. Nisipomwambia, mimi nami ni mwongo kama wewe." Akageuka akatazama uani. Mama alikuwa anawafungia wenzangu viazi vya njiani, anacheka kidogo na Danieli. "Lakini huyu mama amekubali kufa ili wewe ubaki kwenye benchi. Mimi ni nani hata nimfufue? Chukua blanketi lako. Panda lori."

Nikapanda. Mama alinipa mkono kama apeavyo mama mdogo, si zaidi, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. "Soma kazi," akasema. Nilitaka kusema nisamehe. Danieli alikuwa amenivuta tayari kwa shati kunipandisha.

Miezi iliyobaki niliitumikia kama kifungo. Kila Jumapili mama Ema alinipelekea chakula cha yatima, na mimi nilikula. Kila asubuhi shule iliniombea, na mimi niliitikia. Danieli aliacha kunitania kabisa, akawa mpole kwangu mpaka nikamchukia. Filemoni alinifundisha kuliko wote. Nikikosea alinirudisha mara tatu, mara nne, hakupaza sauti. Lakini mwezi wa pili alijiuzulu uzee wa kanisa. Watu wakashangaa, mkewe akaulizauliza, mchungaji akamfuata nyumbani. Hakumwambia mtu sababu. Sababu ilikuwa imekaa benchi la tatu, inapiga randa.

Tulimaliza Juni 1955, siku ya baridi kali, ukungu haukutaka kuondoka. Shule ilikuwa na desturi yake: fundi akiitwa jina, mama yake hutoka mbele, hubeba sanduku la vifaa kichwani mpaka nje ya lango, na wanawake humpigia vigelegele. Msimamizi hakuipenda, alisema inachelewesha, lakini akina mama walimshinda.

Mama alikuja. Hakualikwa, nilikuwa sijamwandikia. Alikuwa ametembea na Ida siku mbili, akakaa nyuma kabisa, na mashangazi na majirani. Wenzangu wakaitwa mmoja mmoja. Mama wa Danieli alikuwa mfupi kama mwanawe, akacheza ngoma na sanduku kichwani mpaka mzungu akacheka.

"Mika wa Lukas, Makambako."

Nikatoka. Nikasimama pembeni ya sanduku langu. Hakuna aliyetoka. Watu wakaguna kwa huruma, wengine wanaambiana, huyu ndiye aliyefiwa. Filemoni alikuwa mbele yangu, cheti mkononi. Hakukitoa. Alinitazama tu, akangoja. Nilijua anangoja nini. Mtihani umekwisha, cheti kimekwisha kutiwa sahihi, mbele ya umati ule ilitosha niinue mkono nielekeze nyuma, niseme mama yangu yule pale. Neno lilikuwa moja tu, na niliwahi kulisema vizuri sana.

Nikatazama nyuma. Mama alikuwa amenikazia macho. Nywele zake zilikuwa zimetoka mvi ubavuni, miezi saba tu ile. Nikawatazama wazazi wote wale, mchungaji, wanawake wa kwaya ya Njombe wamepanga safu na mashuka meupe. Nikainamisha uso. Filemoni akanikabidhi cheti.

Mama Ema ndiye aliyeinuka. "Hawezi kukosa mama, mimi nipo!" akasema kwa sauti, watu wakapiga makofi. Akaja akashika sanduku upande mmoja, likamlemea, akaita nyuma, "Mama mdogo! Mama mdogo wa Mahongole, njoo tushikiane!"

Mama akaja. Akapita katikati ya watu, akashika upande wa pili. Wakaliinua. Vigelegele vikaanza. Walipofika langoni nilimsikia mama Ema akimwambia, anahema kwa uzito, "Laiti dada yako angekuwepo akaona."

"Anaona, dada," mama akasema. "Anaona."

Mimi nilikuwa nyuma yao hatua tatu, nimeshika karatasi. Niliwafuata mpaka nje ya lango, wakatua sanduku, na mama akarudi nyuma kidogo ili mama Ema ndiye anikumbatie wa kwanza.